Feni za chai zipunguzwe mwendo, watu walale

Majanichai hayasagwi mabichi. Yakifika kiwandani hutandazwa juu ya vitanda virefu vya wavu, kisha feni kubwa huyapuliza kutoka chini kwa saa 12 hadi 18 mpaka yanyauke. Kazi hiyo haikwepi usiku. Kericho, Nandi au Murang'a, kiwanda kinavuma mpaka alfajiri, na mara nyingi nyumba za wafanyakazi na watoto wao ziko papo hapo.

Sheria tunazo hapa Kenya. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinamkinga mfanyakazi dhidi ya kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8. Zile za mazingira za 2009 zinataka kelele kwenye makazi isizidi desibeli 35 usiku. Hicho ni kiwango cha watu kunong'onezana.

Kinachotukera ni mazoea ya kugawa vizibo vya masikio na kuhesabu kwamba kazi imekwisha. Vizibo ni lazima, lakini vinamfaa aliyevivaa tu. Mama anayebembeleza mtoto ng'ambo ya ua havimsaidii. Kelele inafaa ikomeshwe inakozaliwa, yaani kwenye feni yenyewe.

Na hapo hesabu ni tamu. Feni ikipunguzwa mwendo kwa asilimia 20, hewa hupungua kwa asilimia 20 hiyo hiyo, kelele hushuka kwa takriban desibeli 5, na umeme inaoula hubaki karibu nusu. Majani yakishaanza kulegea hayahitaji tena upepo mkali wa mwanzo. Kwa nini basi feni ikimbie kwa kasi moja kuanzia jioni hadi asubuhi? Vifaa vya kudhibiti mwendo wa mota vinauzwa, na mafundi wa kuvifunga wapo.

Kiwanda kisicho na fedha za vifaa hivyo kianze na ufagio na spana. Vumbi na nyuzi za chai zikiganda kwenye panga moja, feni hupoteza mizani na kutikisika. Beringi iliyochakaa hulia. Feni iliyokazwa moja kwa moja kwenye ukuta wa bati huufanya ukuta mzima kuwa ngoma. Ikalishwe juu ya raba nene. Magunia na mbao visirundikwe mbele ya mdomo wake, kwa maana hewa inayoingia kwa vurugu hupigwa na mapanga kwa mlio mkali zaidi. Na siku ya kununua mpya, inunuliwe kubwa inayozunguka polepole badala ya ndogo inayokimbia.

Wakaguzi wa mamlaka ya mazingira, NEMA, na wa usalama kazini tunawaomba wapime usiku wa manane, feni zote zikiwa zimewashwa. Kipimo cha saa nne asubuhi hakimsaidii aliyekosa usingizi.

Viwanda vya wakulima wadogo ni mali ya wakulima wenyewe, na bili ya umeme hulipwa kabla ya bonasi. Mkulima, katika mkutano mkuu ujao simama uwaulize wakurugenzi wako: usiku feni zetu huzunguka kwa mwendo gani, na nani aliyeuchagua?