Tembe za sonona hazitoshi bila jirani mwema

MJI wa Elburgon, Kaunti ya Nakuru, unafahamika kwa mbao, viazi na baridi kali. Lakini wakazi wake wamebeba mzigo mwingine usioonekana kwa macho.

Eneo la Molo, ambamo mji huo umo, lilikumbwa na ghasia za kikabila mwaka wa 1992 na tena baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007. Marufuku ya kuvuna miti katika misitu ya umma, iliyowekwa Februari 2018 hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023, nayo iliwapokonya riziki wengi waliotegemea viwanda vya mbao.

Misiba, kufurushwa makwao na ukosefu wa kazi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuchochea sonona, maradhi ambayo wengi huyachukulia kuwa msongo wa mawazo tu. Mgonjwa akifika hospitalini, huenda akapewa tembe za fluoksetini au amitriptilini, ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) limeziweka katika orodha ya dawa muhimu.

Swali ambalo halijajadiliwa vya kutosha ni hili: tembe hizo hufanya nini katika hisia za mja na maingiliano yake na wenzake?

Wapo wanaodhani kwamba dawa hizo huleta furaha papo hapo, mithili ya kileo. Utafiti waonyesha vingine.

Mwaka wa 2004, Catherine Harmer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwapa watu wenye afya dawa za aina hiyo kwa siku saba. Watu hao hawakuwa na furaha zaidi. Hata hivyo, walipoonyeshwa picha za nyuso, uwezo wao wa kutambua hasira na hofu ulikuwa umepungua.

Maana yake ni nzito. Mgonjwa wa sonona huona kila uso umemkunjia. Jirani akipita bila kumsalimu, yeye huhesabu kuwa amedharauliwa.

Kwa maelezo ya watafiti hao, dawa huanza kuirekebisha tafsiri hiyo mapema, ila moyo huchukua wiki kadhaa kupata nafuu. Sharti mtu ajifunze upya, salamu baada ya salamu, kwamba dunia haimchukii. Anayeacha tembe baada ya wiki moja akidai hazifanyi kazi, huenda anaziacha zikiwa ndio kwanza zimeanza.

Hapa ndipo lilipo funzo kwa Elburgon. Tembe haiwezi kutoa salamu ambayo jirani amekataa kuitoa. Mgonjwa akirudi kwa jamaa wanaomwita mvivu au aliyerogwa, au kwa majirani ambao hawajasameheana tangu 2008, nyuso zinazomkunjia zitakuwa za kweli.

Dawa hizo zina upande wa pili. Mwaka wa 2023, watafiti wa Cambridge na Copenhagen walieleza kwamba watu wenye afya waliotumia esitalopramu kwa siku 21 au zaidi walipungukiwa na wepesi wa kujifunza kutokana na tuzo.

Matokeo hayo yanasaidia kueleza kilio cha baadhi ya wagonjwa kwamba uchungu umepungua, lakini na raha pia imefifia. Baba asiyetoa chozi mazishini, au mama asiyemchangamkia mwanawe, aweza kudhaniwa kuwa na roho ngumu.

Wengine huamua kuzitupa tembe. Hilo ni hatari, kwani kuziacha ghafla huweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi na hasira, na maradhi yenyewe yaweza kurejea. Vijana nao huhitaji kuangaliwa kwa karibu siku za mwanzo, kwa kuwa baadhi yao huweza kupata mawazo ya kujiua.

Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022 inazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mlango umefunguliwa.

Lililobaki ni mhudumu wa afya kumuuliza mgonjwa si tu kama amemeza tembe, bali pia anaishije na watu wake. Jamaa nao waelezwe mabadiliko ya kutarajia. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini asiyefichua naye apate wa kumsikiliza.