Chanjo ya kuku ni ya bure, lakini kinga haiji siku hiyohiyo

Juni 2025, mjini Bariadi, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, kuku wa kienyeji wakipangiwa kuchanjwa bila malipo. Kwa mkoa wa Songwe hili ni suala la biashara. Tenga moja la kuku kutoka vijiji vya Momba au Ileje, likiwa na kuku mmoja mwenye mdondo, ambao wengine huuita kideri, linaweza kumaliza mtaji wa mchuuzi wa Tunduma.

Hata hivyo, mfugaji afahamu kuwa chanjo si dawa ya kutibu. Tone la chanjo ya I-2 linalowekwa jichoni lina virusi hai vya mdondo visivyoleta ugonjwa. Chembechembe nyeupe za damu zikivitambua huongezeka na kuanza kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa virusi na kuvizuia kushambulia mwili. Elimu hii ilitokana na kuku wenyewe: mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa kifaranga aliyeondolewa kifuko kidogo kilicho karibu na njia ya haja hushindwa kutengeneza kingamwili za kutosha.

Kazi hiyo huchukua takriban wiki mbili. Kwa hiyo anayekimbilia chanjo wakati kuku wake wameanza kufa amechelewa, na anayechanja leo na kuuza kesho anauza kuku ambaye bado hana kinga.

Aidha, kingamwili hupungua kadiri siku zinavyopita. Ndiyo maana I-2 hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Chanjo ya mara moja kwa mwaka, hata ikiwa ya bure, haitoshi, maana vifaranga wapya huanguliwa kila wakati.

Unafuu upo. I-2 hutengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), na huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za mdondo. Chupa moja huchanja kuku wengi, hivyo majirani wanaweza kuchangiana na kuchanja siku moja.

Mchuuzi naye aulize tarehe ya chanjo kabla ya kulipa, na mfugaji anayenunua kuku wa kufuga awatenge wageni kwa wiki mbili kabla ya kuwachanganya na wenyeji.