UCHANGANUZI: Vita vya chipu na fundi wa violezo anayesahaulika

TANGU Marekani ilipotangaza masharti makali ya kuiuzia China teknolojia ya chipu mnamo Oktoba 2022, macho ya walimwengu yameelekezwa kwa viwanda vya Taiwan na mitambo ya kampuni ya ASML ya Uholanzi.

Kinachosahaulika ni kwamba mtambo wa ASML, hata ule unaogharimu zaidi ya dola milioni 100, ni kazi bure bila kibao cha kioo kinachoweza kushikwa kwa mikono miwili. Kibao hicho ndicho kiolezo chenye ramani ya saketi zinazochapishwa kwenye silikoni. Kikiwa na doa, kila chipu inayotokana na sehemu hiyo huwa na doa.

Wanaoweza kuliondoa doa hilo ni wachache mno duniani. Hao nao wameshika sehemu ya mizani ya vita hivi, ingawa hawatajwi sana katika mikutano ya wakuu wa serikali.

Chipu huchapishwa karibu jinsi picha za zamani zilivyosafishwa kutoka kwa negativu. Mwanga hupita kwenye kiolezo, lenzi huipunguza ramani hadi robo ya ukubwa wake, kisha picha huangukia bamba la silikoni lililopakwa dawa inayobadilika ikimulikwa. Tendo hilo hurudiwa mara 80 au zaidi kwenye bamba moja lenye kipenyo cha milimita 300, kisha bamba jingine huletwa.

Kiolezo cha kawaida ni kioo safi cha kwatsi, mraba wenye upande wa milimita 152, kilichofunikwa utando wa kromu au wa mchanganyiko wa molibdenamu na silikoni. Ramani huchorwa humo kwa miale ya elektroni. Kwa kuwa chipu hujengwa tabaka juu ya tabaka, chipu moja ya kisasa huhitaji makumi ya violezo, na seti nzima hugharimu mamilioni ya dola. Kukitupa kimoja kwa sababu ya doa ni hasara ya pesa na ya muda.

Kasoro zenyewe ni za aina mbili. Kuna utando uliozidi mahali mwanga ulistahili kupita, na kuna utando uliokosekana mahali mwanga ulistahili kuzuiwa. Ya kwanza hukwanguliwa, ya pili huzibwa.

Kusema ni rahisi. Unywele wa binadamu una unene wa nanometa 80,000 hivi, ilhali kasoro ya makumi machache ya nanometa yatosha kuiharibu chipu ya kisasa.

Hapo awali mafundi walichoma utando uliozidi kwa leza, lakini joto lake liliweza kukidhuru kioo. Zikaja ioni za galiamu, zenye shabaha bora zaidi. Kumbe galiamu nayo ilizama ndani ya kioo na kukitia weusi, dawa ikageuka kuwa ugonjwa.

Wengine walichagua kukwangua kwa ncha ngumu isiyoonekana kwa macho. Ustadi huo ulikuzwa na kampuni ya Rave ya Florida, Marekani, iliyonunuliwa na Bruker mwaka wa 2019.

Mbinu inayotegemewa zaidi kwa violezo vya hali ya juu ni ya elektroni. Gesi hupulizwa juu ya kasoro, kisha mwale mwembamba wa elektroni huelekezwa hapo. Gesi hutenda kazi pale tu mwale unapogusa. Ya aina moja huula utando uliozidi, ya aina nyingine huacha tabaka jipya palipopungua. Mitambo ya namna hii huuzwa na Carl Zeiss ya Ujerumani, kampuni ile ile inayoiundia ASML vioo vyake.

Kazi imekuwa ngumu zaidi kwa violezo vya mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanometa 13.5, unaotumiwa kwa chipu za hali ya juu kabisa. Mwanga huo hufyonzwa na kioo, hivyo kiolezo chake huakisi badala ya kupitisha. Uso wake una jozi 40 hivi za tabaka za molibdenamu na silikoni.

Doa likizikwa chini ya tabaka hizo, halichimbuliki. Fundi hulazimika kuliacha lilipo na kuuchonga utando ulio kando yake ili picha itoke sawa. Au basi, kabla ya kuchora, ramani nzima husogezwa ili utando ulifunike doa.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Mitambo ya mwanga huo haijawahi kuuzwa kwa China. Hata hivyo, mnamo Agosti 2023 kampuni ya Huawei ilitoa simu ya Mate 60 Pro yenye chipu ya kiwango cha nanometa 7, iliyoundwa na SMIC ya China kwa mitambo ya kizazi cha awali.

Njia hiyo hudai tabaka moja lichapishwe mara kadhaa. Uchapishaji zaidi huhitaji violezo zaidi, na kila kiolezo ni nafasi nyingine ya kasoro. Kwa maneno mengine, nchi iliyonyimwa mtambo bora ndiyo inayomhitaji zaidi fundi wa violezo.

Kwa upande mwingine, kubana sana kunaweza kumfunza anayebanwa kujitegemea. Japan iliweka masharti kwa aina 23 za vifaa vya kuunda chipu mnamo Julai 2023. Mtambo unaweza kuzuiwa bandarini, lakini ujuzi, ingawa huchukua miaka mingi kuupata, hauna forodha.

Kenya nayo ina la kujifunza. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kuna kiwanda kidogo cha Semiconductor Technologies Limited. Rais William Ruto alipozuru Washington mnamo Mei 2024, Marekani ilitangaza kushirikiana na Kenya kuchunguza nafasi yake katika sekta hii.

Ni kosa kudhani kwamba nafasi hiyo hununuliwa kwa majengo pekee. Rave haikuunda chipu hata moja, lakini ilipata soko kwa kujua kurekebisha kasoro za wengine. Maabara na mafundi waliofunzwa kwa muda mrefu ndio mtaji wa kazi kama hiyo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika biashara ya chipu, anayejua kuuziba ufa ana sauti hata mbele ya mwenye ukuta.