KONA YA WALIMU: Nguruwe aliyeshinda nyumba

 

Mwezi huu tunawaletea habari ya nguruwe. Ndugu zetu Waislamu msikimbie, huyu hakuliwa!

Ni hivi. Huko Kanada, mwaka 2012, bwana mmoja Steve Jenkins alichukua kanguruwe kadogo. Aliambiwa ni wa aina ndogo, hatakua sana. Yeye na mwenzake Derek Walter wakamfuga ndani ya nyumba, wakamwita Esther. Kumbe ni nguruwe wa kawaida, wale wa nyama! Akakua mpaka karibu kilo 300. Wangeweza kumuuza. Hawakumuuza. Watu wengi wakawachangia pesa, na mwaka 2014 wakanunua shamba, wakalifanya makao ya wanyama waliookolewa. Esther aliishi vizuri mpaka alipokufa mwaka 2023.

Wenzake ni wengi. Kuna nguruwe wa asili ya Vietnam, wenye tumbo la kuning'inia, ambao tangu miaka ya 1980 wanauzwa Marekani kama wanyama wa nyumbani. Muuzaji anasema atabaki mdogo. Baadaye anafika kilo 50, hata 90, na anaweza kuishi miaka 15. Hapo wengine wanamtupa.

Kumpokea siyo mchezo. Anataka udongo wa kuchimba kwa pua, matope ya kujipoza maana hatoki jasho vya kutosha, na mwenzake, kwa sababu peke yake anahuzunika. Dume lazima ahasiwe, la sivyo watazaana mpaka shamba lijae. Na shamba likijaa, wenye makao wanalazimika kukataa wengine.

Tulipowasimulia wanafunzi, msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, nguruwe amepewa shamba, na sisi je?" Darasa lote kimya. Kweli, wazazi, hatukuwa na jibu. Tulimwambia tu swali lake ni la haki.

Lakini tuliendelea kuwaza. Esther hakupata shamba kwa kuwa ni nguruwe. Alilipata kwa sababu waliomchukua akiwa mdogo hawakumkana alipokuwa mzito.

Basi watoto wakileta mtoto wa mbwa nyumbani, tuwaulize kwanza: akikua atakula nini? Kadi ya chakula haitakua pamoja naye. Afadhali kukataa leo kuliko kumtupa kesho.

Na wako kati yenu mliopokea watoto wasio wenu njiani, wakati wa kukimbia. Walikuwa wadogo, wanakula kidogo. Leo ni vijana, wanataka viatu na madaftari, na bado wako kwenu. Tunawaona kila asubuhi wakiingia darasani. Asanteni sana, wazazi.

Tuonane mwezi ujao.

Sisi walimu wenu wa kujitolea