Akipata kiharusi, usikimbilie jikoni!

Mwezi huu tuweke kando habari za wivu na simu za usiku wa manane, tuongelee kitu kinachoweza kumwangusha laazizi wako kati ya chai ya asubuhi na saa nne. Kiharusi. Na usiniambie hicho ni cha wazee. Vijana nao wanakipata, hasa wenye presha ambayo hawajawahi kuipima.

Nimekichagua kwa sababu ya zile meseji za WhatsApp: mpe manjano, mpe kitunguu saumu, mpe tangawizi, ubongo utaamka. Mashabiki wa dawa za asili msinune, maana nusu ya habari hii ni tamu kwenu.

Kiharusi kinachotokea zaidi ni cha damu kuganda na kuziba mshipa wa ubongo. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu: mshipa mkubwa ukiziba bila tiba, kila dakika zinakufa chembe za neva milioni 1.9. Dakika moja tu, jamani! Ndiyo maana wanasayansi wanahangaika kutafuta cha kuulinda ubongo wakati damu haifiki, na wengi wamechungulia kwenye mimea.

China walichungulia kwenye mbegu za seleri, ile mboga ya mabua marefu tunayotia kwenye supu. Humo wakapata kemikali iitwayo butilifutalaidi, na mwaka 2002 ikaidhinishwa huko kuwa dawa ya kiharusi. Inasaidia damu ipite kwenye mishipa midogo, tena inazilinda sehemu za chembe zinazotengeneza nguvu. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 1,216, huko huko China. Baada ya siku 90, asilimia 56.7 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa na hali nzuri. Kwa waliopewa dawa bandia ilikuwa asilimia 44.

Si haba, eti? Ila subiri kabla hujabeba kikapu kwenda sokoni. Watu hao hawakutafuna seleri. Walipewa dawa safi ya kiwandani, iliyopimwa, ikaanzishwa kwa dripu ndani ya saa 6 tangu dalili zianze. Na wote walipata pia tiba ya hospitali ya kuyeyusha au kuvuta lile bonge la damu. Yaani mmea ulikuwa msaidizi, si bosi.

Wengine hata usaidizi uliwashinda. NeuroAiD, mchanganyiko wa asili ya Kichina, ulijaribiwa kwa wagonjwa 1,100 barani Asia. Majibu ya 2013: kwa miezi mitatu, hakuna tofauti ya maana na dawa bandia. Na manjano? Yanang'ara kwa panya wa maabara, lakini ukiyala, kemikali yake inaingia kwenye damu kidogo mno. Yatie kwenye mchuzi kwa raha zako.

Kinachonitisha mimi ni kile kiharusi kingine, cha mshipa kupasuka na damu kuvujia kichwani. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, mpaka CT Scan. Halafu koo la mgonjwa linaweza kuwa limelegea, kikombe chako cha tangawizi kikampalia mapafuni. Kwa hiyo usimnyweshe kitu, hata aspirini.

Ukiona uso umepinda upande, mkono umelegea, maneno yanakoroga, tazama saa kwanza. Daktari atauliza mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Dakika arobaini za kuchemsha majani zinatoka humo humo.

Jumamosi hii, mkitoka kula chipsi zenu, ulizaneni: hospitali ya karibu yenye CT Scan inayofanya kazi usiku ni ipi? Gari atatoa nani? Na mama mkwe akiwa ameshabandika sufuria lake la dawa, kati yenu nani atamwambia, “Shikamoo mama, tuondoke kwanza”?