Msimbo wa Kuazima na Dhamana ya Taasisi za Umma

Tarehe 22 Machi 2016, watengenezaji wa tovuti sehemu nyingi duniani walikumbwa na taharuki. Azer Koçulu, baada ya kuzozana na kampuni ya Kik juu ya jina la mradi wake mmoja, aliziondoa kazi zake zote katika npm, ghala ambamo watumiaji wa lugha ya JavaScript huchota vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wenzao. Kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au sifuri upande wa kushoto, hata 7 isomeke 007. Miradi mikubwa iliyokitegemea, Babel ukiwamo, ilikwama mpaka npm ilipokirejesha baada ya saa chache.

Wapo waliocheka: wahandisi gani hawa wasioweza kujiandikia mistari 11? Kicheko hicho kilikosa shabaha. Seremala hafui misumari yake mwenyewe. Kwa kuazimana, mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret hujenga tovuti kwa zana zilezile anazotumia mhandisi wa California, bila kulipa hata senti. Huo ni ujima. Lakini ujima una sharti: aliyelimiwa jana, leo hubeba jembe kwenda kwa jirani.

Sharti hilo ndilo linalovunjwa. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, maktaba iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Ilitunzwa na watu wachache mno, kwa michango haba, huku kampuni tajiri zikiitumia bure. Ni baada ya aibu hiyo ndipo Linux Foundation ilipozikusanya kampuni hizo kuchangia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tujitazame. Leo mwananchi huomba kibali, hulipa kodi na hutafuta nafasi ya chuo kupitia tovuti. Je, afisa anayepokea mfumo kutoka kwa mkandarasi anaweza kutaja vipande vilivyomo, toleo la kila kimoja na anayekitunza? Asipoweza, amepokea nyumba asiyoujua msingi wake, na siku ikitikisika atakayesimama foleni ni raia.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Mwezi Mei 2021 Rais Biden wa Marekani alitoa amri iliyoelekeza kwamba programu zinazouzwa kwa serikali ziambatane na orodha ya vipande vilivyomo. Mikataba yetu nayo idai hivyo. Zana zipo, tena za bure: faili la package-lock.json huhifadhi toleo la kila kipande, na amri ya npm audit hulinganisha matoleo hayo na kasoro zinazojulikana. Pili, msimbo uliogharimiwa na kodi uwekwe hadharani, ila pale usalama unapokataza, ili halmashauri ya jirani isiununue upya. Tatu, watumishi wa TEHAMA watengewe saa za kazi za kurekebisha vipande vinavyotegemewa na ofisi zao, na marekebisho hayo yarudishwe kwa wenye miradi.

Wanafunzi wangu huuliza waanzie wapi. Fungueni orodha ya mradi mlio nao mkononi, someni majina yaliyomo, kisha mchague kimoja mkakitunze.