Data ya Kalokol Haihitaji Seva ya Nairobi

"Mama, sistimu iko chini. Rudi kesho."

Karani aliyesema hivyo hakuwa mtu mbaya. Aliinamisha macho alipokuwa akisema. Nilikuwa nyuma ya huyo mama kwenye foleni, mjini Lodwar, katika kituo cha afya ambacho sitakitaja. Alikuwa ametoka Longech na mtoto mgongoni: mtumbwi hadi Kalokol, kisha gari la kilomita zipatazo sitini. Kadi ya kliniki ilikuwa imelowa, wino ukatapakaa, naye alitaka kujua mtoto amebakiza chanjo gani. Kompyuta ilikuwa inawaka. Umeme ulikuwepo. Rekodi za mtoto yule ziliandikwa katika chumba kilekile, juu ya meza ileile, na bado hakuna aliyeweza kuzisoma pale, kwa sababu zilikuwa zimepelekwa kuishi kwenye seva ya mbali, na siku hiyo mtandao haukuwepo.

Ukiwauliza wenye vyeo watakwambia tatizo ni mtandao. Ndiyo imani iliyotawala: kwamba data ya kisasa haina budi kukaa kwenye seva, tena seva ya mbali, na kwamba mahali pasipo na intaneti hapawezi kuwa na data ila ya daftari. Nimeisikia imani hii kwenye warsha za hoteli, nimeisikia kwa wafadhili, na kinachoniuma zaidi, nimeisikia kwa vijana wetu waliosomea kompyuta. "Kwanza tuletewe mtandao, habari ya data itafuata." Nasema imani hii si kweli, na watu wa Ziwa Turkana wanailipia kila wiki.

Mwaka 2000, Mmarekani aitwaye Richard Hipp alikuwa akiandika programu ya manowari ya USS Oscar Austin. Meli ikipigwa, mabomba yake ya maji yakapasuka, programu hiyo ilipaswa kuwaambia mabaharia ni vali zipi za kufunga. Data ya vali ilikaa kwenye seva. Seva ilipozimika, programu ilibaki kutoa ujumbe kwamba imeshindwa kuifikia, na lawama zikamwangukia Hipp ingawa seva haikuwa kazi yake. Akajiuliza: kwa nini programu isijisomee data yenyewe, moja kwa moja kutoka kwenye diski? Ndivyo SQLite ilivyozaliwa. Jeshi tajiri kuliko yote duniani lilikuwa na shida ileile ya mama wa Longech, na dawa iliyopatikana haikuwa seva kubwa zaidi. Ilikuwa kuiondoa seva.

SQLite ni hifadhidata kamili iliyopachikwa ndani ya programu inayoitumia. Yenyewe haifiki megabaiti moja. Data yote, majedwali yote, hukaa katika faili moja ambalo unaweza kulinakili kama unavyonakili picha. Hailipiwi, haina mwenyewe wa kudai leseni, na waliotengeneza wameahidi kuitunza hadi mwaka 2050. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka miongoni mwa miundo inayopendekezwa kwa kuhifadhi data muda mrefu. Tena hii si habari ya mbali: simu yako ya Android inayo, na iPhone ya mwenzako inayo. Majina uliyohifadhi yamo humo. Ukiwa ufuoni pasipo na mtandao hata kidogo na bado ukasoma ujumbe wa WhatsApp wa juzi, ni hifadhidata hii iliyokusomea. Tunaibeba mfukoni kila siku, kisha tunakaa kwenye warsha kuambiwa haiwezekani.

Niliiona ikifanya kazi mahali panaponihusu. Karani mmoja mzee wa ufuo hapa Kalokol hupima samaki na kuandika kwenye daftari: tarehe, jina la muuzaji, aina, kilo, bei. Nilimuuliza mama fulani aliuza kilo ngapi za ngege mwezi Machi. Alilamba kidole, akafunua kurasa, akajumlisha kwa kalamu, akakosea, akaanza upya. Kivuli cha banda kilikuwa kimesogea alipopata jibu. Mpwa wake alikuwa amemtengenezea programu ndogo kwenye simu kuukuu, na wiki kadhaa za daftari zilikuwa zimeshaingizwa humo. Swali lilelile likaulizwa kwa sentensi moja ya SQL, yenye maana kwamba: nijumlishie kilo, pale ambapo jina ni hili, samaki ni ngege, mwezi ni Machi. Jibu lilikuja kabla mzee hajapata miwani yake. Lilikuwa sawa na la daftari.

Ila mzee alikuwa na hofu ya haki. Simu ikizimika katikati, si kila kitu kitaharibika? Basi tulijaribu. Kijana alianza kuhifadhi safu mpya, nami nikachomoa betri. Tulipowasha tena, safu zote za nyuma zilikuwepo, na ile iliyokatizwa haikuwepo kabisa. Hakukuwa na nusu. Siri yake ni ya kikarani hasa: kabla ya kugusa ukurasa wowote, SQLite hunakili kwanza ukurasa ulivyokuwa kwenye faili la pembeni. Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, ikifunguliwa tena hulikuta lile faili na kurudisha ukurasa kama ulivyokuwa mwanzo. Mzee alicheka, akasema daftari lake halijawahi kufanya hivyo lilipoanguka majini.

Na Kalokol ingepaswa kuwa ya kwanza kuelewa jambo hili. Jengo la kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway, kikakamilika mapema miaka ya 1980, kila mtu hapa analijua. Kilikusudiwa kugandisha samaki wa ziwa na kuwapeleka mbali. Majokofu yakawa ghali mno kuyaendesha, maji safi yaliyohitajika hayakupatikana kwa kiasi hicho jangwani, na kiwanda kikafungwa baada ya kufanya kazi kwa muda mfupi sana. Katikati ya muongo huohuo Ghuba la Ferguson nalo likakauka. Jengo lililojengewa barafu likaishia kuwa ghala la samaki wakavu. Wapo walioandika kwamba kosa lilikuwa kuwapa wafugaji kazi ya uvuvi. Sikubali. Waturkana wa ufuoni walivua kwa vikapu kabla Mnorway yeyote hajafika. Kosa lilikuwa kujenga kitu kisichoweza kuishi hata siku moja bila kulishwa kutoka mbali, wakati samaki wa jua na chumvi alikuwa anafika Kitale, Busia na hata Kongo bila waya wala barafu.

Seva tunazouziwa leo ni majokofu yaleyale.

Mtu ataniambia nisubiri, mtandao unakuja. Namwomba atazame ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit. Mitambo 365 ya upepo inaweza kuzalisha megawati 310, na nyaya zake zinaelekea kusini hadi Suswa. Kitu kuwa jirani si kukipata. Watoto wa hapa hawakui polepole kwa kuwa nguzo hazijafika, na chanjo ina tarehe yake.

Wengi wetu tulilizoea neno seva mwaka 2017, wakati wa kelele za "fungua seva", Mahakama ya Juu ilipoamuru zikaguliwe na hatimaye kufuta uchaguzi wa urais Septemba 1. Kelele zile zilifunika jambo moja. Siku chache kabla ya kura, tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa kutosha kutuma matokeo. Lakini kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole hakukuhitaji mtandao huo, kwa sababu sajili ilikuwa kwenye kadi ndani ya kifaa chenyewe. Kutuma ndiko kulikokuwa na shida. Na Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipokabidhiwa simu, programu iliyowekwa humo iliundwa kuhifadhi kumbukumbu za kaya ndani ya simu kwanza, na kuzituma mtandao ukipatikana. Haitumii SQLite kama ya yule kijana, bali wazo ni lilelile. Kwa hiyo serikali inajua. Inajua inapotaka.

Sisemi seva zichomwe. Kakuma, mwaka 2015 wakimbizi walianza kupokea sehemu ya msaada wao kwa simu kupitia mpango wa Bamba Chakula. Hizo ni pesa, na pesa zisipokuwa na daftari moja la pamoja zitatumiwa mara mbili. Hapo seva ni lazima. SQLite nayo humruhusu mwandishi mmoja tu kuandika kwa wakati mmoja, ijapokuwa wasomaji wanaweza kuwa wengi. Lakini ufuo una karani mmoja. Zahanati ya kijijini ina muuguzi mmoja, siku nyingine hata huyo hayupo. Tunawanunulia mashine ya watu elfu watu walio peke yao, kisha tunashangaa imelala.

Simu inaweza kuanguka majini au kuibwa, hilo ni kweli, na rekodi za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa hiyo faili lifungwe kwa nywila, linakiliwe kila jioni kwenye kadi inayokaa kabatini, na kila wiki nakala iende Lodwar, kwa mtandao ukiwepo, kwa matatu usipokuwepo. Nairobi ipate nakala yake, kwa takwimu zake. Asili ibaki pale ilipoandikwa, mbele ya mtu atakayeihitaji kesho asubuhi.

Kwenu mnaokaa kwenye kamati za ununuzi Lodwar, nawaomba jambo moja kabla hamjatia sahihi. Mchukueni muuzaji na kifaa chake hadi Longech. Zimeni mtandao. Mwambieni aandike watoto ishirini na chanjo zao, achomoe umeme akiwa katikati ya wa ishirini na mmoja, awashe tena, kisha amtafute wa saba kwa jina la mama yake. Asipompata, mrudisheni na kifaa chake.